Asiyeona Hataki Kuvutwa: Mazungumzo kwa Vikundi vya Kujisaidia, Mabanga



Leo tuzungumze juu ya wenzetu wasioona. Sitaanza na sheria. Nitaanza na Mkenya mwenzetu, Henry Wanyoike.

Alizaliwa mwaka wa 1974 huko Kikuyu. Alikuwa kijana mwenye macho mazima na aliyependa mbio. Usiku mmoja mwaka wa 1995 alilala vizuri, asubuhi akaamka haoni. Madaktari walisema ni kiharusi. Alikata tamaa kabisa. Lakini wahudumu wa macho wa hospitali ya Kikuyu hawakumwacha. Baadaye akaenda chuo cha wasioona cha Machakos, akajifunza kufuma sweta kwa mashine. Tena akarudia mbio.

Mtaniuliza, asiyeona anakimbiaje? Anakimbia na mwenzake anayeona. Wanashika kamba fupi, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Mwenzake anamwambia kona iko wapi na nani yuko mbele. Lakini sikilizeni vizuri: sheria ya mbio inamkataza yule mwenzake kumvuta. Na kwenye mwisho, asiyeona ndiye lazima atangulie kuvuka mstari.

Mwaka wa 2000, katika michezo ya Paralimpiki huko Sydney, Wanyoike alikimbia mita 5,000. Karibu na mwisho mwenzake akaishiwa nguvu. Basi yule asiyeona ndiye aliyemsukuma anayeona mpaka wakamaliza, na akashinda dhahabu. Niambieni, hapo nani alikuwa akimwongoza nani?

Baada ya hapo alikimbia na Joseph Kibunja, rafiki yake tangu utotoni. Mwaka wa 2004 huko Athens alipata dhahabu mbili, mita 5,000 na mita 10,000. Mwezi wa Aprili 2005 alikimbia marathoni ya London, na wiki moja tu baadaye ile ya Hamburg, kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 31. Wengi wetu tukipewa baiskeli tutachelewa hapo!

Hata kwenye maji ni hivyo hivyo. Wako waogeleaji wasioona. Wanafuata kamba za kando, na wakikaribia ukuta, mtu aliyesimama nje huwagusa kwa fimbo ndefu yenye kitu laini kwenye ncha, ili wasigonge kichwa. Trischa Zorn wa Marekani, aliyezaliwa haoni, aliogelea katika Paralimpiki kuanzia 1980 hadi 2004 na kupata medali zaidi ya 40. Bradley Snyder, mwanajeshi wa majini wa Marekani, alipoteza macho kwa bomu huko Afghanistan mwezi wa Septemba 2011. Mwaka mmoja baadaye, huko London, alishinda dhahabu kwa kuogelea. Yule wa nje haogelei kwa niaba yao. Anagusa tu, basi.

Sasa turudi nyumbani. Katika vijiji vyetu asiyeona tunamfanyia nini? Tunampelekea unga na sukari wakati wa sikukuu. Ni vizuri. Lakini mkopo wa kikundi tunamnyima. Tunasema, "Huyu atalipa na nini?" Mchango wake hatuutaki, na kwenye mkutano hatumwulizi neno. Mtoto asiyeona tunamficha nyuma ya nyumba wageni wakija. Huko ndiko kumvuta mtu, au kumwacha kabisa njiani. Kushika kamba ni jambo lingine.

Kwa hivyo naomba kila kikundi kifanye mambo manne.

Kwanza, macho yapimwe mapema. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na wengi huona tena. Lakini presha ya macho huiba kidogo kidogo bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Msingoje dawa za sokoni. Ulizeni katika kituo cha afya, au mwende hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga.

Pili, mtoto asiyeona aende shule. Kapenguria hapo, mbele ya Kitale, iko shule ya wasioona ya St. Francis. Huko Kibos, Kisumu, iko nyingine. Kama nauli ndiyo shida, hiyo ni kazi ya harambee.

Tatu, mwenye ulemavu aandikishwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtu wa kikundi amsindikize, lakini aongee mwenyewe.

Nne, na hili ndilo gumu, awe mwanachama kamili. Atoe mchango kama wengine, akope kama wengine, alipe kama wengine. Kufuga kuku, kukamua ng'ombe, kufuma, kuuza dukani, haya yote mikono inaweza. Katibu amsomee hesabu kwa sauti, kila shilingi.

Mkutano ujao hesabuni waliokuja. Halafu mjiulize: katika kijiji chetu, nani haoni, na mbona hayuko hapa? Mwenye jibu aende kwake siku hiyo hiyo, ampe habari za kikundi, amwulize anataka kufanya kazi gani.