Mwanachama Asiyeona Naye Asome Kitabu Chake

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Bisil)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya kisima wala mbuzi wa maziwa. Tumekuja kuzungumza juu ya kitabu cha akiba cha kikundi, na juu ya mwanachama asiyeweza kukisoma kwa sababu haoni.

Katika kuzunguka vikundini, kutoka hapa Bisil hadi upande wa Kitengela, tumeona jambo moja likijirudia. Mkutano ukikaribia kwisha, katibu anasoma hesabu. Wenye macho wanachungulia kitabu na kuhakikisha. Mama asiyeona anaambiwa, "Weka kidole hapa," naye anaweka. Ameweka kidole kwenye nini? Anajua alichoambiwa tu. Pesa ikiingia kwa M-PESA, mtoto wa jirani ndiye anayesoma ujumbe, na mara nyingi ndiye anayeijua namba ya siri. Huenda mtoto huyo ni mwaminifu kabisa. Lakini siku hesabu ikikosana, mama hana la kusema, maana hakuna alichosoma yeye mwenyewe.

Watu hawa si wachache. Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya Wakenya 330,000 wa umri wa miaka 5 na zaidi walihesabiwa kuwa na ulemavu wa kuona. Na sisi wa nchi ya wafugaji tunaujua ugonjwa wa trakoma. Huenezwa na nzi, mikono na nguo zenye uchafu wa macho, halafu kope hugeuka ndani na kukwaruza mboni mpaka jicho linaingia giza. Uchunguzi wa mwaka 2004 uliofanywa katika wilaya sita za wakati huo uliihusu Kajiado pia. Kwa hiyo kila kikundi kijiulize: ni nani kati yetu asiyeona vizuri, na anajuaje hesabu yake?

SIMU INASOMAJE?

Vijana hapa wana simu za kioo cha kugusa, zile wanazoita smatifoni. Wengi hawajui kwamba ndani ya simu hizo kuna msaada kwa mtu asiyeona.

Msaada wa kwanza ni programu inayoitwa TalkBack. Huja na simu nyingi za Android, haiuzwi. Ukiiwasha katika mipangilio ya simu, simu inaanza kusema. Mtu akigusa mahali, inataja kilichopo. Akigonga mara mbili, inafungua. Ujumbe mfupi ukiingia, inausoma kwa sauti, na sauti ya Kiswahili ipo.

Msaada wa pili ni programu za kutambua picha. Mtu anaelekeza kamera kwenye karatasi, kopo au kitu kingine, na simu inamwambia kuna nini. Lookout ya kampuni ya Google hufanya hivyo. Seeing AI ya Microsoft ilianza mwaka 2017 katika simu za iPhone, na mwishoni mwa 2023 ikafika kwenye Android. Nyingine ni Be My Eyes, iliyoanzishwa na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, ambaye mwenyewe ana tatizo la kuona. Tangu mwaka 2015, asiyeona anapiga simu ya video na mtu wa kujitolea anamtazamia. Mwaka 2023 wakaongeza mashine inayoeleza picha bila kumsubiri mtu.

Mashine inajuaje? Imeonyeshwa picha nyingi mno, kila moja ikiwa na jina lake. Ni kama mtoto wa mchungaji: ameona ng'ombe wengi tangu udogo, sasa akimwona mmoja kwa mbali anasema, "Yule ni wa fulani." Lakini mpeleke mtoto huyo baharini umwulize majina ya samaki. Atakisia.

MASHINE NAYO HUKOSEA

Hapa tuwe waangalifu, ndugu zetu. Mashine hukisia, na hukisia kwa sauti ya uhakika.

Maandishi ya chapa huyasoma vizuri, hasa mwanga ukiwa wa kutosha. Maandishi ya mkono ni shida, na vitabu vyetu vya akiba vimeandikwa kwa mkono. Saba ikisomwa moja, mtu amepoteza pesa bila mwizi kuingia.

Juu ya noti, sikilizeni. Mwaka 2021 Google walipoongeza nguvu ya Lookout, waliongeza euro na rupia ya India juu ya dola ya Marekani iliyokuwepo. Shilingi yetu haikuwa katika orodha hiyo. Hakuna aliyetuchukia. Anayefundisha mashine ndiye anayechagua ijue nini, na sisi hatukuwepo mezani. Kwa hiyo katika soko la mifugo, mzee asiyeona asitegemee kamera kuhesabu bei ya fahali wake. Noti zilizotolewa mwaka 2019 zina alama za kupapasa kwa vidole. Mwanakikundi mmoja aketi naye, wazipapase noti moja moja mpaka vidole vizoee.

Dawa nazo: simu isome jina, lakini kipimo kiulizwe kwa muuguzi au mwenye duka la dawa. Barabara pia: kuivuka ile barabara kubwa ya Namanga kwa kusikiliza kamera ni hatari. Fimbo na mkono wa mwenzako bado vinahitajika.

Jambo la mwisho ni siri. Programu nyingine hutuma picha kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti. Kitambulisho, karatasi za hospitali na nyuso za watoto si vitu vya kupigwa picha ovyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inamlinda mwanakijiji sawa na tajiri wa mjini.

SHERIA INASEMA NINI?

Wengine watasema, "Hiyo ni huruma, kikundi kikipata nafasi kitasaidia." Hapana. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, haki ya kufikia habari, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Bunge lilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2003, na mwezi Mei 2025 sheria mpya ikatiwa sahihi. Mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya nukta nundu au vya sauti kwa ajili ya wasioona bila kuvunja haki za mwandishi.

Sheria ni nzuri, lakini sheria haitembei yenyewe mpaka manyattani. Inatembea kwa miguu ya watu wanaouliza. Anayehitaji kifaa ajiandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na kikundi kimsindikize. Na kaunti ikiita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, mmoja wenu asimame aulize: ofisi zetu zinamfikishiaje habari mtu asiyeona?

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tunapendekeza hatua tano, na hakuna hata moja inayomngojea mfadhili.

1. Baada ya kila mkutano, katibu amtumie kila mwanachama ujumbe mfupi: ametoa ngapi, amekopa ngapi, akiba yake imefika ngapi. Simu yenye TalkBack itausoma. Mwenye macho asiyejua kusoma naye atafaidika.

2. Tangazo lisipigwe picha na kusambazwa hivyo tu. Barua ya chifu ikiwa picha, TalkBack huenda itasema "picha" na kunyamaza. Kijana mmoja ayaandike yale maneno kwa simu ndipo yatumwe.

3. Kitabu cha akiba kiandikwe kwa tarakimu kubwa, zilizoachana, kwa kalamu nyeusi. Wazee wenye macho mazito watashukuru hata bila simu.

4. Simu ya kugusa ni bei ya mbuzi mmoja mzuri au wawili. Kikundi kinaweza kumkopesha mwanachama asiyeona ainunue, alipe kidogo kidogo kama mkopo mwingine wowote. Iwe yake, isiwe ya mwenyekiti. Spika ya masikioni inunuliwe pia, ili ujumbe wa pesa usisikike na soko zima.

5. Kijana mmoja achaguliwe kumfundisha, kwa muda wa wiki kadhaa bila haraka. Somo la kwanza liwe namba ya siri: mwanachama aibadilishe, aiingize mwenyewe, na kijana atazame kando.

Hiyo hatua ya tano ndiyo tunaitilia mkazo. Mkimpa mtu simu halafu mkaendelea kushika siri yake, mmempa mzigo mwingine wa kubeba.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi kilianzishwa ili mnyonge asimame na wenzake. Yule anayeweka kidole kwenye karatasi asiyoijua bado anasimama peke yake, hata akiwa ameketi katikati yenu. Nasi tunataka siku katibu akisoma hesabu, mama huyu aweze kusema, "Ngoja, mwezi uliopita ujumbe wangu ulisema vingine." Siku hiyo msikasirike. Pigeni makofi, maana kikundi kimepata mkaguzi mpya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni wanachama wangapi kati yetu wasioweza kusoma kitabu cha akiba, kwa kutoona au kwa kutojua kusoma?

2. Nani anazijua namba zao za siri? Je, wao wenyewe waliridhia?

3. Katika zile hatua tano, ni ipi tunaweza kuanza mkutano ujao, na nani ataisimamia?