Hotuba ya Katibu: Ustadi Wetu, Jina la Nani?



Baadhi yetu wameomba kwamba fedha tuliyoweka kwa kiwanda cha kukoboa kahawa igawanywe katika sikukuu hii ya miaka kumi. Kabla ya kupiga kura, twaomba kuwasimulia habari za kampuni ndogo ya Uingereza, Crawfish Interactive.

Kampuni hiyo iliasisiwa mwaka 1997 na Bwana Cameron Sheppard. Kazi yake ilikuwa kutengeneza michezo ya video ya Game Boy Color, na baadaye Game Boy Advance, vyombo vya Nintendo ya Japani vinavyochezewa mkononi. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Street Fighter Alpha, mchezo wa mapigano wa kampuni ya Capcom, ulitoka mwaka 1995 katika mashine kubwa za kumbi za michezo. Mafundi wa Crawfish waliupunguza hata ukaenea katika kioo cha nukta 160 kwa 144, katika chombo chenye kutumia betri mbili ndogo. Kisha wakaitengeneza Street Fighter Alpha 3 kwa Game Boy Advance, ikatoka mwaka 2002.

Walakini jina la mchezo halikuwa lao; lilikuwa mali ya Capcom. Fundi wa namna hii hungojea agizo la mwenye jina, naye hulipwa kwa mafungu kadiri kazi iendeleavyo. Agizo laweza kuchelewa, bali mishahara haingoji. Mwezi wa Novemba 2002 Crawfish ilifunga milango yake. Mchezo haukufa pamoja nayo: mwaka 2023 Capcom ilitoa Street Fighter 6.

Ndugu wanachama, ustadi wetu shambani haukanushiki. Twapalilia, twachuma, twaanika. Lakini kahawa yetu yatoka hapa haijakobolewa, na mwingine huikoboa na kuitia katika gunia lenye jina lake. Yeye akikawia kuja, sisi twangojea na madeni yetu.

Fedha hii tukiigawa, kila nyumba itapata kitu kidogo, nacho kitakwisha kabla ya masika. Tukiiacha, tutajenga kiwanda, na gunia litaondoka hapa lina jina la chama chetu. Sisi wa ofisini twashauri tujenge. Uamuzi ni wenu.