Losheni "ya Sukari" na Ngozi ya Mtoto

 

Majuzi mama mmoja alileta kliniki mtoto wa miezi minane, mashavu yamechubuka na kutoa majimaji. Alikuwa ameambiwa dukani kwamba losheni nzuri ya watoto hutengenezwa kwa sukari. Bei ilipomshinda, alichanganya sukari ya jikoni na mafuta ya kupikia, akamsugua nayo mwanawe. Nia yake ilikuwa njema. Kwa hivyo leo tufafanue jambo hili.

Mama, umeona mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi? Maji na mafuta havipatani. Losheni ina vyote viwili, kwa hivyo hutiwa kiungo cha kuvishikanisha, kiitwacho emalsifaya. Baadhi ya viungo hivi hutokana na sukari. Kiwandani sukari huunganishwa na asidi ya mafuta. Upande mmoja hushika maji, upande wa pili hushika mafuta. Mfano ni sukrosi stiarati. Hiyo si sukari ya chai tena. Chembe za sukari ya jikoni hukwaruza ngozi ya mtoto, na viini hupata njia ya kuingia.

Kiungo hiki hupendwa kwa sababu ni cha upole. Vingine ni vikali. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitahadharisha kwamba krimu moja iliyozoeleka, yenye sodiamu lauri salfeti, inaweza kuwasha ngozi, hasa ya watoto wenye ukurutu.

Lakini upole wa kiungo kimoja hausafishi chupa nzima. Manukato yaliyomo yanaweza kumdhuru mtoto. Na losheni ya kung'arisha ngozi usimpake kamwe, hata ikisifiwa vipi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi hapa Kenya.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, kama losheni ni ghali, tumia mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Hayana maji, kwa hivyo hayahitaji emalsifaya. Mpake mtoto mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Pili, usiongeze maji kwenye losheni ili idumu. Utaingiza viini.

Tatu, losheni mpya ijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, ungoje siku moja.

Nne, ngozi ikitoa majimaji au usaha, au mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Yule mtoto alitibiwa, na mashavu yake yamepona. Mama yake hakulaumiwa; alielezwa tu. Nawe mweleze jirani yako.