Kupokea Redio ni Kupokea Amana

Ndugu zetu wanafunzi, nanyi wazee wetu wa Tunduma,

Tumekusanyika ili redio mliyoianzisha iwekwe mikononi mwa wenyeji. Tunawashukuru kwa dhati. Lakini kabla ya kupeana mikono, yafaa tukumbuke ya Homa Bay, nchini Kenya. Huko, mwaka 1982, UNESCO ilisaidia kuanzisha redio ndogo yenye mitambo ya gharama nafuu, ikatangaza kwa Kijaluo. Mwaka 1984 Serikali ikaifunga. Uamuzi haukuwa mikononi mwa wale walioisikiliza.

Basi kwetu sisi suala si nani atakabidhiwa funguo. Leseni ya TCRA imeandikwa jina la nani? Nani atalipa umeme mwezi ujao? Na mtambo wa kurushia matangazo ukiungua, nani ataufungua, ilhali fundi wenu atakuwa amekwisharudi chuoni? Mji huu ni wa mpakani. Malori husubiri kuvuka kwenda Nakonde, wafanyabiashara hutaka kujua bei ya mahindi, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka. Redio ikinyamaza wiki moja, uvumi hautanyamaza.

Kwa hiyo tunawaomba muda, wala tusionekane wakosefu wa shukrani. Msituache mpaka vijana wawili wa hapa waweze kuiwasha mitambo na kuitengeneza pasipo kumpigia mtu simu. Navyo vitabu vya hesabu, tuvisome pamoja leo hii, kabla ya chakula.