Kununua Ploti: Wakili ni wa Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Mwenyekiti ameniomba niseme habari ya mawakili, kwa sababu vikundi vingi vinaweka akiba ya kununua ploti, na wengine wenu mnataka kujenga nyumba za kukaa. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Muuzaji ni jirani yetu, mzee wa kijiji ameshuhudia, sasa loya ni wa nini?"

Mzee wa kijiji anaweza kushuhudia kwamba pesa zilihesabiwa. Hawezi kuwaambia kama ardhi imewekwa rehani benki. Hilo limeandikwa kwenye daftari la msajili wa ardhi, na kazi ya kwanza ya wakili ni kulichungulia. Nairobi na kaunti kadhaa, siku hizi hufanywa kwa kompyuta kupitia Ardhisasa. Kwingine mtu huenda ofisini. Jibu linaonyesha mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna deni au zuio la korti. Fanyeni hivyo kabla ya kutoa hata shilingi ya "kushikilia".

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanalia. Tuseme jibu linarudi na jina la marehemu baba ya muuzaji. Kijana ni mkweli, kila mtu anajua sehemu yake ni ile ya kando ya mto, na kaka zake wamekubali. Hata hivyo hana cha kuuza. Kwa Sheria ya Urithi, ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka korti itoe hati ya kusimamia mali na kuithibitisha. Mkimpa pesa leo mmenunua maneno. Kesho dada yake aliyeolewa mbali anakuja kudai haki yake, naye anayo, na nyumba yenu imefika kwenye linta. Wakili mzuri atawaambia mngoje, hata kama muuzaji ana haraka ya karo ya shule. Mnaweza kumwona ni mkaidi. Mwacheni awe mkaidi.

Pia atauliza kama muuzaji ana bibi au bwana, kwa sababu nyumba ya ndoa haiuzwi bila kibali cha mwenzake.

Haya, tuseme mambo ni safi. Mapatano lazima yaandikwe, pande zote zitie sahihi, na shahidi naye atie. Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia 10 kwanza, na salio ndani ya siku 90. Msimpe muuzaji salio mkononi: wakili ndiye atakayehakikisha haliachiliwi mpaka hati ya kuhamisha na cheti cha ardhi vipatikane.

Kama ni shamba la kilimo, kuna bodi ya ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Bila kibali cha bodi, mapatano ni bure, nanyi mnabaki kudai pesa zenu kama deni. Mnajua kudai deni kulivyo.

Kisha ushuru wa stempu, ambao ni wa mnunuzi: asilimia 2 mashambani, asilimia 4 mijini. Ploti ya shilingi 800,000 huku kwetu mashambani ni shilingi 16,000, na mthamini wa serikali akiona bei halisi ni kubwa zaidi, mtalipa kwa hiyo kubwa. Wekeni pesa hizi kando mapema, pamoja na malipo ya wakili. Ulizeni malipo hayo siku ya kwanza, na yaandikwe. Kiwango cha chini kiko kwa sheria, kwa hiyo anayewaambia atafanya kwa chai tu, mwogopeni.

Chukueni wakili wenu wenyewe, si yule wa muuzaji. Hakikisheni kwa Chama cha Mawakili kwamba ana cheti cha mwaka huu. Broka anayejua mtu ofisi ya ardhi si wakili.

Mkienda kwake, bebeni cheti cha kikundi, kumbukumbu za mkutano ulioamua ununuzi, na vitambulisho vya maofisa. Mwulizeni hati itaandikwa majina ya nani, na mmoja wao akifa itakuwaje. Hati ikitoka, mwenyekiti, katibu na mweka hazina waende pamoja kuichukua.