Macho ya Mbwa Yakigeuka Manjano

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa hapa kama ilivyo kawaida yetu kila juma.)



Juma hili nina barua iliyotoka Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, kule kwenye tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Aliyeandika ni mama wa nyumbani. Ana kijibwa, tena kidogo kwelikweli, uzito wake haufiki kilo tano. Kwa siku tatu kimekataa chakula. Kinatapika maji ya njano, mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, na sasa weupe wa macho pamoja na fizi vimegeuka manjano. Jirani amemwambia, "Hilo ini limekwisha, kiueni." Muuza dawa za mifugo amemshauri achome sindano ileile wanayochomwa ng'ombe. Mwanawe wa miaka saba, ambaye ndiye rafiki mkubwa wa kijibwa hicho, hali wala halali. Mama anauliza: nishike lipi?

Nilimpigia simu siku ileile, maana jambo lenyewe halisubiri Jumapili. Mimi si daktari wa mifugo. Niliyomwambia, na nitakayowaambia leo, ndiyo wanayoyafundisha wenye kazi yao.

Najua wapo wanaoguna sasa hivi. Watasema: watu wenyewe wanapanga foleni ya dawa, wewe unatuletea habari za ini la mbwa! Nawaomba wavumilie kidogo. Nitakapofika mwisho, wataona kwamba sikuzungumzia mbwa peke yake.

Kwanza tuelewane juu ya hiyo rangi. Manjano si jina la ugonjwa. Ni dalili, kama vile moshi ulivyo dalili ya moto. Chembe nyekundu za damu zikizeeka na kuvunjika, hutoa uchafu wa rangi ya njano. Kazi ya ini ni kuuchukua uchafu huo, kuutia katika nyongo na kuutupa tumboni utoke na choo. Hivyo rangi hiyo ikijaa mwilini, kuna mambo matatu ya kuuliza. Je, damu inavunjika kwa wingi kuliko ini linavyoweza kumudu? Je, ini lenyewe ni bovu? Au njia ya nyongo imeziba? Anayetazama macho tu na kutangaza kwamba ini limekwisha anahukumu kesi kabla ya kusikiliza mashahidi.

Katika nchi yetu, mtuhumiwa wa kwanza ni kupe. Kupe wa mbwa hupandikiza vijidudu vinavyoingia ndani ya chembe za damu na kuzipasua. Mbwa huchemka homa, fizi hupauka kwanza, kisha huwa na umanjano, na mkojo hugeuka rangi ya kahawia au nyekundu. Hapo ini halina kosa, limeelemewa tu. Ugonjwa huu una dawa, na mbwa aliyewahiwa hupona.

Mtuhumiwa wa pili ni panya. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya homa ya mgunda. Mbwa akinywa maji ya dimbwi au akilamba palipopita panya, huambukizwa, na vijidudu hushambulia ini na figo kwa pamoja. Jina la homa ya mgunda si geni kwetu. Mwaka 2022 iliwaua watu katika Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Mbwa mwenye ugonjwa huu huutoa katika mkojo wake, na binadamu anaweza kuupata kupitia mchubuko mdogo tu wa ngozi, au machoni na mdomoni. Ndiyo sababu neno langu la kwanza kwa yule mama halikuhusu dawa. Nilimwambia amtenge mtoto na kijibwa hicho mpaka vipimo vitoke, avae glavu anaposafisha mkojo, amwagie dawa ya klorini mahali hapo, na anawe mikono kwa sabuni. Mtu yeyote wa nyumba hiyo akishikwa na homa, amweleze daktari kwamba nyumbani kuna mbwa mwenye manjano.

Mtuhumiwa wa tatu nitamtaja mwishoni, kwa sababu yeye huishi ghalani.

Sasa tuje kwenye ile sindano ya ng'ombe. Mikoa ya magharibi ni nchi ya mbung'o, na dawa za kutibu nagana na magonjwa ya kupe zinapatikana madukani. Baadhi yake hutumiwa pia kwa mbwa, lakini kwa kipimo cha mbwa. Kati ya kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru ubongo wa mbwa, nafasi si kubwa. Ng'ombe ana kilo mia mbili na zaidi; kijibwa chetu hakifikishi tano. Kosa dogo la bomba la sindano, ambalo ng'ombe hatalisikia, laweza kumwangusha mbwa huyo kwa degedege. Kwa hiyo asichomwe dawa yoyote kabla hajapimwa uzito. Mizani ya mbwa haihitajiki: panda juu ya mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, na utoe hesabu.

Vivyo hivyo na dawa zetu za nyumbani. Panadol, ambayo sisi tunaimeza bila kufikiri, kwa mbwa huharibu ini na damu, na kwa mbwa mdogo kidonge kimoja si mchezo. Dawa nyingine za maumivu humtoboa tumbo na kumwumiza figo. Majani na magome yanayosifiwa kusafisha ini nayo yanapaswa kusafishwa na ini hilohilo lililochoka. Punda aliyelemewa haongezewi gunia.

Kwihara ilikuwa kituo kikubwa cha misafara, na wapita njia wake walijua taabu ya kutibu kwa kubahatisha. Henry Morton Stanley, aliyekaa hapo mwaka 1871 akielekea Ujiji, alisimulia katika kitabu chake jinsi mbwa wake Omar alivyokufa njiani kabla ya kufika Ugogo. Aliandika kwamba matumbo yalivimba. Kwa wakati ule hapakuwa na hadubini njiani ya kumwonyesha vijidudu vilivyomo katika tone la damu. Sisi hatuna udhuru huo. Tabora mjini ipo maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, na Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Tone la damu kwenye kioo laweza kuonyesha vijidudu vya kupe siku hiyohiyo. Kipimo kingine cha damu huonyesha kama ini limejeruhiwa. Lakini kipimo hicho husema tu kwamba ini linaumia; hakisemi nani kaliumiza. Ndiyo maana daktari atauliza maswali mengi: anakula nini, ana kupe, amechanjwa lini, mmempa dawa gani. Mjibuni ukweli, hata kuhusu ile Panadol.

Wakati wa kungoja daktari, kazi ipo. Mbwa mdogo hana akiba kubwa ya sukari mwilini, na anayeitunza ni ini. Akikaa bila kula huishiwa nguvu, hutetemeka, hata kuzimia. Hivyo apewe chakula kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku: wali laini na yai lililochemshwa, kuku asiye na ngozi wala mafuta, au maziwa ya mgando kidogo. Wapo wanaodhani kwamba mgonjwa wa ini lazima anyimwe kabisa nyama na mayai. Sivyo. Ini hujijenga upya kwa vyakula hivyo. Daktari huvipunguza pale tu sumu zinapopanda kichwani. Tumbo likivimba kwa maji, aepushwe na dagaa wa chumvi. Maji safi yawepo saa zote. Akianza kulegea na kutetemeka, lakini anameza vizuri na anakutambua, mpake asali kidogo kwenye fizi, na Tabora asali haikosekani, kisha mkimbizeni kwa daktari.

Hapa pana tahadhari kubwa. Ini likishindwa kabisa, mbwa hupepesuka, hutoka mate, huzunguka ovyo au husukuma kichwa ukutani. Lakini kichaa cha mbwa nacho chaweza kuonekana hivyohivyo. Mbwa aliyebadilika tabia namna hiyo, hasa asiye na chanjo, msimtie mkono kinywani. Mfungieni mahali salama na mwiteni afisa mifugo. Akiwa amemng'ata mtu au kumpaka mate kwenye kidonda, oshweni kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali bila kukawia.

Sasa mtuhumiwa wa tatu. Nilimwuliza yule mama kijibwa chake kinakula nini. Akanijibu bila wasiwasi: uji wa mahindi yaliyoota ukungu. Mvua ilivuja ghalani, mahindi mazuri wakayachambua kwa ajili ya watu, mabovu wakamsagia mbwa.

Ndugu wasikilizaji, ni nyumba ngapi zinazofanya hivyo? Ukungu wa mahindi na karanga hutoa sumukuvu, na sumukuvu adui yake mkubwa ni ini. Kupika hakuiondoi. Dunia ilizinduliwa juu ya sumu hii na wanyama: mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 huko Marekani, nchi ya viwanda na wakaguzi, mbwa zaidi ya 110 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha dukani kilichokutwa na sumu hiyohiyo. Wala isidhaniwe ni msiba wa wanyama tu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu, baada ya macho yao kugeuka manjano kama ya kijibwa cha Kwihara.

Mahindi mabovu ya mbwa na mahindi mazuri ya watoto yalitoka katika gunia moja. Kuchambua kunasaidia, lakini jicho haliioni sumu yote. Mbwa, kwa udogo wake na kwa kulishwa yale mabaya zaidi, hutangulia kuugua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nilimshauri mama yule mambo mawili kwa pamoja: mbwa aende maabara asubuhi yake, na gunia lile lisiliwe na mtu, mbwa wala kuku, mpaka afisa kilimo aliangalie. Hakuna aliyejua bado kama mkosaji ni kupe, panya au ukungu. Lakini zote tatu ni nyumba moja, na watu wanaoishi humo ni walewale.

Nanyi mlioko mijini, mnaonunua unga kwa kilo na kufuga vijibwa vya manyoya sebuleni, msijione mko mbali. Mchanjeni mbwa kila mwaka dhidi ya kichaa, na mwulizeni daktari chanjo ya homa ya ini na ya homa ya mgunda. Mtoeni kupe kila wiki. Zibeni matundu ya panya. Mahindi na karanga ziwe zimekauka barabara, zikae juu ya vichanja, mbali na ukuta na sakafu. Ukinunua unga unaonuka ukungu, urudishe dukani. Usimpikie mbwa kwa kuona huruma ya fedha yako. Na kesho asubuhi, kabla ya kutoka kwenda kazini, mfunue mbwa wako mdomo uzitazame fizi zake. Ni kazi ya nusu dakika.

Kwaherini.