Linangoja Kusi

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jiwe tulilolikanyaga.

Ilikuwa Aprili mwaka 2024, siku za bamvua, maji yamekupwa mbali sana. Tulikuwa tukitembea juu ya mwamba huku pwani ya Kilifi pamoja na mzee mmoja mvuvi, mshiriki wa kanisa letu. Matumbawe mengi yalikuwa meupe kama chokaa. Tukadhani yamekwisha kufa, tukaweka kiatu juu ya moja ili tuvuke dimbwi. Mzee akatushika mkono. "Padre, usilikanyage hilo. Halijafa. Linangoja kusi."

Tuliona haya. Kila Jumapili twasimama mimbarani kuzisifu kazi za Muumba, na hii hatukuijua.

Tumbawe ni mnyama. Kwa kweli ni wanyama wadogo wengi walioshikamana, wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao mnakaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao kwa mwanga wa jua huwapatia sehemu kubwa ya chakula chao. Rangi nayo yatokana na mwani huo. Basi maji yakizidi joto la kawaida la miezi ya jua kali, hata kwa digrii moja tu, yakakaa hivyo majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika. Mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe. Li hai, lakini lina njaa.

Huku kwetu bahari hupata joto zaidi kaskazi inapokwisha, Machi na Aprili. Kusi ikianza kuvuma, maji huchafuka na kupoa, na tumbawe lililovumilia mpaka hapo laweza kupokea mwani tena. Mengine hupokea mwani wa aina nyingine, unaostahimili joto zaidi, ingawa hukua polepole. Lakini joto likikawia, njaa huliua. Mwaka 1998 sehemu nyingi za miamba ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yaliyo hai.

Je, ni mara ngapi tumepita mlangoni pa mtu aliyeacha kuja ibadani baada ya msiba, tukasema huyu amekwisha?

Yale yaliyosalia hutoa mayai, na vitoto vyake huchukuliwa na maji vikitafuta jiwe safi pa kushika. Jiwe lililofunikwa na majani ya bahari halivifai. Hapo ndipo tunapomhitaji pono, yule yule tumpendaye katika mchuzi wa nazi, kwani mchana kutwa yeye hukwangua mwamba kwa meno yake. Pono wakikombwa wote kwa juya, nani atasafisha?

Wavuvi wa Kuruwitu, walipoona samaki wanakwisha, walitenga mwaka 2005 kipande cha bahari yao, kama hekta 30, wasivue ndani yake. Hukiita tengefu. Hebu fikirini: mtu ana watoto wa kulisha, naye apita na mtumbwi wake kando ya samaki awaonao, asitupe mshipi. Sisi twaiona sadaka hiyo kuwa kubwa kuliko nyingi tunazohesabu baada ya ibada. Na samaki wamerudi.

Hata hivyo tengefu haizuii joto. Joto hilo latokana na makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa duniani, mengi yake mbali na wavuvi hawa. Mwamba ulioumia wahitaji miaka kumi au zaidi ya kupumzika, na tangu 1998 joto limeupiga tena mwaka 2016, kisha 2024. Mzee wetu hana la kufanya juu ya hayo ila kulinda pono wake.

Septemba tulirudi naye. Upande mmoja wa jiwe lile ulikuwa umepata tena rangi ya kahawia. Upande tuliokanyaga ulikuwa umevunjika, na majani yameota. Mzee hakusema neno.

Tutakapoomba sasa, tumtaje yeye na wavuvi wenzake, maana kaskazi hurudi kila mwaka.